Mwaka Usioandikwa Kwenye Cheti

Dada yangu alinikabidhi bahasha ya kaki akaniambia, "Kaka, nisomee wewe. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri." Macho yake hayana tatizo lolote. Asubuhi ile ile alikuwa amechagua mawe kwenye sinia mbili za mchele, hakubakiza hata chembe. Kilichomshinda ni kuifungua ripoti ya mwanawe.

Tulikuwa tumekaa barazani kwake Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega mkoani Simiyu, kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma, ambako mabasi hupita mchana kutwa yakipiga honi. Ilikuwa Jumamosi ya likizo fupi ya nusu muhula. Mpwa wangu, mwenye miaka 14, aliyeanza kidato cha kwanza Januari, alikuwa amejitenga chini ya mwembe. Alikuwa ameipindua baiskeli ya baba yake matairi juu, anahangaika na mnyororo ambao haukuwa na kasoro yoyote.

Nikasoma kwa sauti. Kiswahili 61. Jiografia 37. Baiolojia 33. Kiingereza 24. Kemia 22. Fizikia 19. Hisabati 12. Nafasi ya 94 kati ya wanafunzi 131. Chini kabisa, kwenye mstari wa maoni ya mwalimu wa darasa, maneno mawili kwa wino wa bluu: Aongeze bidii.

Dada akashusha pumzi. "Afadhali. Nilidhani ni wa mwisho kabisa. Si bado yuko fomu wani? Hii haihesabiwi. Akifika fomu foo atakaza."

Maneno hayo nimeyasikia maisha yangu yote. Niliyasikia kwa baba yangu, nikayasikia kwa walimu wangu, nimeyasikia Lamadi, Bariadi na Magu, kwenye daladala na kwenye vikao vya wazazi. Haihesabiwi. Na kwa sababu yaliwahi kunigharimu kitu ambacho sijakipata mpaka leo, nimeona niandike.

Kabla ya hapo, nilimwita mpwa wangu aniletee daftari lake la Fizikia.

Lilikuwa daftari kaunta lililofungwa vizuri kwa karatasi ya gazeti. Mwandiko wa mtoto huyu ni mzuri kuliko wangu. Ukurasa wa mwisho aliokuwa ameandika ulikuwa na mchoro wa chombo cha maji chenye mdomo, jiwe limening'inizwa kwenye mizani ya springi, na maji yanamwagika kwenye kikombe pembeni. Chini yake zilikuwepo sentensi sita za Kiingereza, zimenakiliwa ubaoni bila kosa hata la nukta. Kilikuwa ni kisa cha Archimedes na kanuni ya vitu kuelea, mada ya kidato cha kwanza.

"Mjomba, hapa wanasema nini?" nikamuuliza.

Kimya. Akaangalia vidole vya miguu yake.

Baba yake, shemeji yangu, ni mvuvi wa dagaa kwenye Ghuba ya Speke. Nikabadilisha swali: mtumbwi wa baba ukishapakiwa, unajuaje kuwa sasa basi? Hapo mtoto aliamka. Akanieleza kuhusu ubao wa tatu kutoka juu, ambao maji yakiugusa baba hasemi tena na mtu, anageuza. Akanieleza kwa nini dagaa wabichi huushusha mtumbwi kuliko wakavu, na kwa nini mtumbwi mtupu huyumba hata pasipo upepo. Kisha akasema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Maji ndiyo yanaubeba, mjomba. Ukiongeza mzigo unashuka kidogo, ili upate maji mengine ya kuubeba."

Hiyo ndiyo kanuni yenyewe. Kitu kinachoelea husukuma pembeni maji yenye uzito sawa na uzito wake. Mtoto anaijua kwa macho, kwa mikono na kwa hofu ya baba yake. Ila ameijua kwa Kiswahili, na mtihani haukumuuliza kwa Kiswahili. Ndipo zikapatikana zile alama 19.

Haihesabiwi, kweli?

Tumpe dada yangu haki yake kwanza. Kwa upande wa karatasi, alichosema ni kweli. Hakuna cheti chochote nchini Tanzania kinachoonyesha alama za kidato cha kwanza. Baraza la Mitihani, NECTA, linapopanga madaraja ya kidato cha nne huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, na aliyefikisha 34 au 35 amepata sifuri. Kidato cha kwanza hakimo.

Hata pale serikali ilipoamua kwamba kazi ya darasani iwe na uzito kwenye matokeo ya mwisho, mwaka huo uliachwa nje. Mwaka 2013 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba alama 40 kati ya 100 zitoke kwenye maendeleo ya mwanafunzi na 60 zitoke kwenye mtihani wa mwisho. Zilipogawanywa zile 40, zilitajwa za mtihani wa kidato cha pili, mitihani ya kidato cha tatu, mock na kazi mradi. Mgawanyo huo umeguswa tena tangu wakati ule, lakini wakati unatangazwa kidato cha kwanza hakikupewa hata alama moja.

Huko Marekani, ambako vyuo vikubwa hudai rekodi ya miaka minne ya sekondari, mambo yanafanana kuliko unavyodhani. Chuo Kikuu cha California, ambacho ni cha umma na kina kampasi maarufu kama Berkeley na Los Angeles, hakiingizi alama za mwaka wa kwanza wa sekondari, yaani darasa la tisa, kwenye wastani wa mwombaji. Lakini masomo ya mwaka huo chuo kinayadai. Lazima uonyeshe kwamba uliyasoma na ukafaulu, kwa sababu anayekosa Hisabati ya mwaka wa kwanza hataifikia ya mwaka wa nne, hata aamke na akili za ajabu.

Hapo ndipo penye shina la jambo. Alama za mwaka wa kwanza huweza kusahauliwa na kila ofisi, lakini masomo yenyewe hayasahauliki. Nyashimo mambo ni hayo hayo, na kwetu adhabu yake ni kali zaidi.

Dakika kumi za mwisho wa kidato cha pili

Kwa utaratibu tuliouzoea kwenye shule zetu, kila mwanafunzi husoma Fizikia na Kemia kidato cha kwanza na cha pili. Akishafanya mtihani wa kitaifa wa kidato cha pili, anagawanyika. Wa sayansi wanaendelea na masomo hayo mawili, wa sanaa wanayaacha. Mtoto ana miaka 15 au 16. Hajawahi kuingia chuo, hajaona mwongozo wa udahili, mara nyingi hajui hata kwamba kuna kitu kinaitwa mwongozo wa udahili. Anachokijua ni kwamba tangu kidato cha kwanza Fizikia imekuwa ikimpa 19, 14, 21. Anaikimbia. Nani angekaa?

Mimi niliikimbia. Niliingia kidato cha kwanza Januari 2007, kwenye mojawapo ya zile shule za kata zilizojengwa kwa nguvu za wananchi miaka ile. Jina lake nitalihifadhi. Mwaka mzima hatukuwa na mwalimu wa Fizikia. Tulipewa kitabu kimoja, kiranja anaandika ubaoni, sisi tunanakili. Maabara ilikuwa chumba chenye madawati yaliyovunjika. Mtihani wa mwisho wa mwaka nilipata 8, na sikulia, kwa sababu aliyeongoza darasa zima alipata 27.

Mwisho wa kidato cha pili ilipitishwa karatasi yenye mstari katikati. Upande huu Sayansi, upande huu Sanaa, andika jina. Zoezi lote halikuzidi dakika kumi. Hakuna mzazi aliyeitwa, na hakuna aliyetuambia kwamba pale tunaandika kazi tutakazofanya tukiwa na miaka 30. Waliobaki upande wa Sayansi walikuwa kumi na mmoja. Mimi niliandika jina langu upande wa pili na nikahisi nimetua mzigo.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2010 na daraja la tatu. Mwaka uliofuata mama yangu aliugua, akalazwa wiki mbili hospitali ya Mkula, hapa hapa Busega. Kulikuwa na tabibu kijana aliyekuwa akija kila asubuhi, anamshika mama mkono kabla ya kumpima mapigo. Nikaamua nitakuwa yule. Nilikusanya vyeti vyangu, nikapanda gari hadi chuo kimoja cha afya. Aliyepokea fomu alikuwa mama wa makamo, mpole. Aliangalia cheti changu, akakigeuza, akakiangalia tena. "Mwanangu, Kemia yako iko wapi? Fizikia je?"

Nikamwambia sikusoma.

Akanirudishia bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenzake mtoto.

Leo hii sharti la kuingia stashahada ya utabibu au ya uuguzi ni ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Ufaulu maana yake ni D. D inaanzia alama 30. Naomba msomaji usimame hapa kidogo. Chuo hakimtaki mtoto wa Nyashimo awe gwiji wa Fizikia. Kinamwomba alama 30 kati ya 100. Lakini aliyeacha somo hana hata sifuri. Kwenye cheti chake mstari wa Fizikia haupo, na hakuna kozi ya miezi mitatu ya kuujaza. Itabidi ajisajili upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, aanze na maabara ambayo hakuwahi kuiingia akiwa kijana.

Si afya peke yake. Fundi sanifu wa umeme ataulizwa Hisabati na Fizikia. Kozi kadhaa za biashara na uchumi vyuo vikuu humgeukia hata mwenye matokeo mazuri ya kidato cha sita na kumuuliza: Hisabati ya kidato cha nne ulipata nini? Nayo Hisabati ndilo somo linaloangusha watoto wengi kuliko yote. Kwa miaka ya karibuni, waliofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa kati ya moja ya tano na robo tu ya watahiniwa nchi nzima. Watatu kati ya wanne wanatoka mikono mitupu. Hawakuanza kufeli kwenye chumba cha mtihani, mwezi Novemba wa mwaka wa nne. Walianza Februari ya mwaka wa kwanza, siku mwalimu alipoandika herufi mahali pa namba, nao hawakuelewa, wala hawakuwa na lugha ya kuuliza.

Hesabu ya herufi moja

Twende kwenye mlango wa kidato cha tano, kwa sababu ndiko kichujio kilipo. Kuchaguliwa na serikali kunataka angalau C tatu, na jumla ya pointi za masomo saba isizidi 25. Halafu kuna sharti ambalo wazazi wengi hawalijui. Masomo matatu ya tahasusi, yale ambayo vijana wanayaita kombi, pointi zake zikijumlishwa zisizidi 10, na lisiwepo hata moja lenye F.

Tufanye hesabu. Binti ana Baiolojia C, Kemia C, Fizikia D. Hiyo ni 3 na 3 na 4, jumla 10. Anaingia PCB, tahasusi ya masomo hayo matatu, na mbele yake kuna njia ya Muhimbili au ya chuo cha Bugando kule Mwanza. Mwenzake aliyekaa naye dawati moja ana Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D. Jumla 11. Mlango umefungwa. Tofauti yao ni herufi moja ya Kemia, na kati ya D na C kuna alama moja: 44 ni D, 45 ni C.

Sasa niambie alama hiyo moja inatoka wapi. Kambi na mock husaidia. Lakini mara nyingi inatoka kwenye jambo dogo la zamani, kama vile mtoto kujua tangu mwanzo maana ya neno moja la Kiingereza lililorudiwa kwenye maswali ya miaka minne.

Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi mpya 49, zikafika 65. Ni jambo jema na limewapa nafasi watoto ambao zamani wangebanwa na kombi chache. Lakini kombi mpya haimsaidii aliyeacha somo. Ukitazama orodha ile ukiwa huna Fizikia wala Hisabati, utaona sehemu kubwa ya milango mipya nayo ina kufuli lile lile.

Chuo kikuu chenyewe, baada ya yote hayo, kinataka kidogo. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ni masomo mawili makuu ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4. Kozi zinazogombewa, udaktari wa binadamu ukiwa mbele, ndizo zinazobana: Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, kisha ushindanishwe na wenye A. Anayesimama kwenye mstari huo amevuka vichujio vitatu, na cha kwanza kilikuwa karatasi yenye mstari katikati.

Tulishaonywa

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume, na Mei matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Watu walilaumu walimu, mitaala, simu, hata kizazi chenyewe. Wachache walikumbuka kwamba watoto wale waliingia kidato cha kwanza mwaka 2009, katika kipindi ambacho kufeli mtihani wa kidato cha pili hakukumzuia mtu kuendelea. Aliyekwama mwaka wa kwanza alisukumwa mbele akiwa amekwama, mpaka ukuta wa mwisho. Sharti la aliyefeli kidato cha pili kurudia darasa likarudishwa mwaka 2012.

Na onyo la lugha ni la zamani zaidi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza kuanzia Januari 1985. Pendekezo likawekwa pembeni. Kama lingefuatwa, mpwa wangu angeandika kile alichoniambia kuhusu mtumbwi, na mwalimu angempa alama zote. Sisemi Kiingereza kisifundishwe. Kifundishwe vizuri, kama somo, na mwalimu anayekijua. Ninachokilalamikia ni kumfundisha mtoto mambo mawili kwa wakati mmoja, somo geni ndani ya lugha ngeni, kisha kumhukumu kwa moja.

Mkoa wetu una jambo la kujivunia hapa. Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, Simiyu ilijulikana nchi nzima kwa kambi za kitaaluma. Watahiniwa walikusanywa, walimu mahiri wakaletwa, watoto wakasoma usiku na mchana, na mkoa ukapanda kwenye matokeo. Nawaheshimu walimu waliolala kwenye kambi zile. Lakini kambi ni za madarasa ya mitihani. Zinamkuta mtoto akiwa ameshaacha Fizikia miaka miwili iliyopita, zinamsaidia kufaulu yale aliyobaki nayo. Sijawahi kusikia kambi ya kidato cha kwanza ya mwezi Februari. Mwalimu bora wa Fizikia shuleni, akiwepo, hupewa kidato cha nne. Kidato cha kwanza hupewa anayejitolea, au hakipewi mtu. Tunajenga nyumba kuanzia bati.

Kenya wameamua kuyahesabu matokeo ya miaka ya mwanzo. Waliofanya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, kwa mara ya kwanza mwaka 2025 walipangiwa sekondari ya juu kwa mchanganyiko: asilimia 20 kutoka mtihani wa darasa la sita, 20 kutoka tathmini za shule za darasa la saba na la nane, na 60 kutoka mtihani wenyewe. Kuna wanaotaka nasi tufanye hivyo. Mimi nasita. Ukiipa uzito alama ya mwaka wa kwanza mahali ambapo hakuna mwalimu wa mwaka wa kwanza, umemwadhibu mtoto kwa upungufu wa shule. Nataka kidato cha kwanza kifundishwe kabla hakijahesabiwa.

Muda wa kujiandaa ni mfupi. Mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, umeleta mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na ule wa amali ulianza kidato cha kwanza mwaka 2024. Maana yake uchaguzi uliokuwa ukimsubiri mtoto mwisho wa kidato cha pili umeanza kumsogelea tangu siku ya kwanza. Kisha, kwa mpangilio wa mtaala huo wa kumaliza msingi darasa la sita, Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja: wa mwisho wa darasa la saba na wa kwanza wa darasa la sita. Darasa la watoto 131 litakuwa la wangapi?

Januari na pamba

Kuna jambo moja ambalo lawama yake haiko wizarani. Shule zinafunguliwa Januari, na Januari ndiyo palizi ya pamba. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, na kila mkono unahitajika shambani. Kila mwaka viongozi wanatangaza watoto wapokelewe hata bila sare, na kila mwaka wapo wanaoripoti Februari, wengine Machi, sare ikiwa kisingizio na jembe likiwa sababu. Wiki hizo za mwanzo ndizo shule hujaribu kumvusha mtoto kutoka Kiswahili cha msingi kwenda Kiingereza cha sekondari. Anayefika wiki ya saba anakuta daraja limeshavunjwa, wenzake wako ng'ambo. Tukubaliane kwamba hilo ni letu sisi wazazi, wajomba na mashangazi. Ekari moja ikipaliliwa kwa kuchelewa, pamba itapungua msimu mmoja. Wiki sita za mwaka wa kwanza hazina msimu mwingine.

Jumamosi ile tulikaa na mpwa wangu mpaka jua likazama. Tulichukua ndoo, tukaijaza maji mpaka mdomoni, tukatumbukiza kopo la blubendi lenye mchanga. Kopo likaelea, maji yakamwagika kwenye sinia. Tukaongeza mchanga, kopo likashuka, maji yakamwagika tena. Kisha tukafungua daftari lake tukasoma zile sentensi sita, moja baada ya nyingine, kila neno la Kiingereza tukiliwekea kitu: hili ni kopo, hili ni maji yaliyomwagika, hii ni ile nguvu inayoubeba mtumbwi wa baba. Sentensi ya nne alinikatiza. "Kumbe ndicho wanachosema?" Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika mwiko, ugali unaungua jikoni, hajali.

Mzazi mwenzangu wa Busega, wa Bariadi, wa Maswa, Meatu na Itilima, nina maombi machache. Ripoti ya kidato cha kwanza ukiipokea, usiitie kwenye bahasha. Nenda shuleni umuulize mwalimu swali moja: Fizikia, Kemia na Hisabati za kidato cha kwanza anafundisha nani, na vipindi vingapi kwa wiki? Ukiambiwa hakuna, lipeleke jambo hilo kwenye bodi ya shule na kwa diwani wako kwa sauti ile ile unayoitumia kudai barabara na maji. Kama kuna simu janja nyumbani, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure. Na mwanao akifika mwisho wa kidato cha pili, jina lake lisiandikwe upande wowote wa karatasi kabla hujakaa naye na kumsomea masharti ya vyuo, hata kama kuyasoma kwenyewe utaomba msaada wa kijana wa jirani.

Wakuu wa shule nanyi, nawasihi. Iteni wazazi siku ile ya kugawanya mikondo. Siku moja kwa mwaka.

Mpwa wangu anafanya mtihani wa muhula mwezi Juni. Zimebaki wiki saba, na kila Jumamosi napanda gari kwenda Nyashimo.